"Nitakidhi": Je, Ibada Iliyopitwa na Wakati Wake Hulipika?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Usiku mmoja, baada ya Sala ya Isha, halaka yetu ilikuwa imekaa ikisoma mlango wa nyakati za Sala, tukafika penye masuala ya kukidhi. Ndugu mmoja, mfanyi biashara, mtu wa kheri asiyekosa darasani, akasema kwa mzaha kidogo: "Alhamdulillahi, sisi tuna kadha. Adhuhuri ikinipita dukani kwa wingi wa wanunuzi, usiku nitakidhi." Kijana mmoja akadakiza kwamba amesoma kuwa katika sheria ya Mayahudi mwenye kuiacha sala kwa kusudi hapewi ruhusa ya kuilipa kabisa. Hapo baraza ikagawanyika. Mzee mmoja akasema: "Huo ni ukali mno, kumfungia mja mlango." Mwingine akamrudi: "Bali huo ni wepesi, mzee wangu! Mtu ameacha deni, kisha akaambiwa asilipe. Ni mdeni gani asiyependa kuambiwa hivyo?"

Tukanyamaza, kwani maneno yote mawili yalikuwa na uzito. Ni ukali au ni wepesi? Na lile neno "nitakidhi" ambalo limekuwa jepesi katika ndimi zetu, je, lina maana hiyo tunayoidhani? Tukaahidi kuliandika suala hili katika karatasi hizi, tueleze kwanza wanavyosema Mayahudi wenyewe katika vitabu vyao, kwa uadilifu, bila ya kuongeza wala kupunguza. Kisha tutazame sisi tumesimama wapi. Wala hatukusudii kutwaa hukumu kwao, kwani sheria yetu imetimia. Lakini mtu huujua uso wake kwa kutazama kioo, na huenda akiona jambo lake katika nyumba ya jirani akalitambua asivyolitambua katika nyumba yake.

Basi fahamu, ndugu msomaji, kwamba Mayahudi wana sala tatu kwa siku: ya asubuhi waiitayo Shaharit, ya alasiri waiitayo Minha, na ya usiku waiitayo Arvit. Kila moja ina mpaka wake. Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliopangwa kiasi cha mwaka 200 wa miladi, wataja kwamba sala ya asubuhi huswaliwa hata adhuhuri, na mwanachuoni mmoja katika wao, Yehuda, akasema hata mwisho wa saa ya nne; na ile ya alasiri hata jioni. Mbali na sala hizo, kuna kisomo cha Shema, ambacho ni kuushuhudia umoja wa Mungu kwa maneno ya Taurati, nacho husomwa mara mbili, jioni na asubuhi. Mpaka wa Shema ya asubuhi ni mwisho wa saa ya tatu. Na saa zao hizo huhesabiwa tangu macheo, mchana ukagawanywa mafungu kumi na mawili, kwa hiyo Mswahili hana haja ya kugeuza hesabu ili kuzifahamu.

Sasa mtu akikosa sala moja katika hizo afanyeje? Jawabu yao imo katika Talmud iliyokusanywa katika nchi ya Iraqi, katika kitabu chake cha kwanza kiitwacho Berakhot. Aliyesahau asiswali Minha, basi usiku ataswali Arvit mara mbili. Aliyesahau Arvit, asubuhi ataswali Shaharit mara mbili. Na aliyesahau Shaharit ataswali Minha mara mbili. Jambo hili wameliita tashlumin, neno la Kiebrania lenye maana ya malipo na ukamilisho kwa pamoja.

Malipo haya yana masharti, na masharti hayo ndiyo yenye mafunzo, basi tuyatazame moja moja.

La kwanza, sala ya wakati ndiyo hutangulia, na ya malipo hufuata. Akigeuza, akanuia ile ya kwanza kuwa malipo na ya pili kuwa ya wakati, malipo yake hayakusihi na ni juu yake kuyarudia. Kana kwamba wasema: mgeni aliyeko mlangoni ana haki kabla ya yule uliyemwacha akaondoka. Usimweke huyu kizingitini ukamkimbilia yule, ukawa umewakosea wote wawili.

La pili, baina ya sala mbili hizo mtu hupumzika kidogo, kadiri ya kutembea dhiraa nne, ili moyo utulie na ile ya pili isiwe mkia wa ile ya kwanza.

La tatu, malipo hayapatikani ila katika sala inayofuata papo hapo. Aliyekosa Shaharit na Minha zote mbili, usiku ataswali Arvit, kisha ataswali tena badala ya Minha. Ama Shaharit imekwisha kumpita, haina malipo. Hapana kwao mtu kukusanya sala za mwezi mzima akazilipa kwa usiku mmoja. Mlango umeachwa wazi, lakini ni mlango wa jirani, ukiupita, umeupita.

La nne, malipo huvaa nguo za wakati wa sasa. Aliyesahau Minha ya siku ya Ijumaa, jua likachwa ikaingia Sabato, huswali mara mbili sala ya Sabato, ingawa ile aliyoikosa ilikuwa sala ya siku ya kazi. Hii ni tafauti na sisi, ambao kadha ya Alasiri hubaki kuwa Alasiri yenye rakaa zake. Wao wasema kwamba mtu hawezi kurudi jana. Alichonacho ni leo, na kwa leo hiyo hiyo ndiyo atalipa.

Lakini kwa nini yawepo malipo kabisa? Hapa ndipo penye mzizi wa mambo, na wanavyuoni wao waliuliza suala hilo kwa akili iliyofunguka. Zamani, kabla ya Warumi kuibomoa nyumba yao ya ibada ya Baitul-Maqdis mwaka 70 wa miladi, kila siku zilikuwa zikichinjwa dhabihu mbili, mwana-kondoo mmoja asubuhi na mmoja alasiri. Na kanuni ya dhabihu ilikuwa kwamba siku yake ikipita, dhabihu yenyewe imebatilika. Hakuna kuchinja leo kwa ajili ya jana. Nyumba ilipobomolewa sala ikawa ndiyo kumbukumbu ya dhabihu zile. Basi wakaulizana: je, sala nayo ikipitwa na siku yake imebatilika kama dhabihu? Au kwa kuwa sala ni kuomba rehema, na rehema haina saa iliyofungwa, basi mtu na aombe wakati wowote? Wakahukumu kwamba aliyesahau ataswali mara mbili, wala hatuambiwi katika sala kwamba siku yake imepita na dhabihu yake imebatilika.

Zingatia suala hili, ndugu yetu, kwani hakika ni suala letu sote. Ibada ni kitu gani? Ikiwa ni miadi, basi aliyekosa miadi amekosa. Akija kesho atakuta mahali patupu. Ikiwa ni deni, basi deni halifi kwa kupita siku, hukaa shingoni hata lilipwe. Na ikiwa ni maombi ya mwenye shida kwa Mwenye kuweza, basi mlango huo haufungwi usiku wala mchana. Wao hawakuifanya kuwa kimoja tu katika vitu hivi. Kwa kuwa ni miadi wakaiwekea mipaka. Na kwa kuwa ni maombi ya rehema wakamwachia aliyeikosa njia ya kurudi.

Kisha wakauliza: ni nani hasa aliyeachiwa njia hiyo? Maana imo katika Talmud hiyo hiyo riwaya nyingine inayolitwaa neno la kitabu cha Mhubiri, juu ya kilichopotoka kisichoweza kunyoshwa, na kulifasiri kwamba ni mtu aliyeiacha Shema au sala ya wakati wake. Riwaya mbili hizi zagongana: moja yasema hulipa, ya pili yasema hakuna kunyosha. Wanavyuoni wakazipatanisha kwa jawabu iliyopokewa kwa Yohanan, mmoja wa wakubwa wao, kwamba ile ya pili yamhusu aliyeacha kwa kusudi. Aliyesahau ana malipo, aliyekusudia hana. Na hukumu hii ndiyo aliyoiandika Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides, katika kitabu chake kikubwa cha sheria, na ndiyo aliyoiandika Yosef Karo wa Safed katika Shulhan Arukh, kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1565 na ambacho hata leo Mayahudi washikao sheria hukirejea.

Sasa twende kwa ndugu yetu mwenye duka, kwani hakusahauliwa. Yosef Karo ametaja watu ambao hatungedhani kuwa wana udhuru. Amemtaja mtu aliyekuwa katika shughuli, akadhani kwamba akiimaliza wakati wa sala utakuwa ungalipo, kumbe saa ikampita. Amemtaja aliyeshughulika na mali yake akichelea hasara, hata sala ikamtoka. Hata mlevi amemtaja. Wote hao, asema, huhesabiwa kama waliolazimika, na wana malipo. Je, si wepesi mkubwa huo? Lakini hapo hapo ikaongezwa kauli kwamba tangu mwanzo haifai mtu kuiacha sala ipitwe na wakati kwa kuchelea hasara ya mali. Yaani likikwisha kutokea, hatumfungii mlango. Ama kulipanga litokee, hilo halina ruhusa. Tafauti ya mambo mawili haya ni nyembamba kama uzi, nayo imo moyoni, haimo dukani. Mtu mmoja husema, "Nilidhani nitawahi." Mwingine husema, "Najua sitawahi, lakini kadha ipo." Jirani akiwatazama kwa nje huwaona sawasawa, wote wawili wako nyuma ya mizani wakipima mchele, na wakati wapita. Lakini wa kwanza alikuwa njiani akija, na wa pili alikuwa amekwisha kaa kitako.

Wanavyuoni wao waliujua mno udhaifu huu wa binadamu. Imepokewa katika Mishna kwamba wana wa Gamaliel, mkuu wa Mayahudi wa zama zake, walirudi usiku wa manane kutoka karamuni wakamwambia baba yao kwamba hawajaisoma Shema ya jioni. Akawaambia: ikiwa alfajiri haijapanda, ni wajibu wenu kuisoma. Na ikaelezwa kwamba wakati wenyewe wa asili waendelea mpaka alfajiri; ama wanavyuoni kusema kwamba ni mpaka nusu ya usiku, walisema hivyo ili kumweka mtu mbali na maasi tu. Na Talmud ikafafanua hatari yenyewe. Mtu hurudi shambani jioni amechoka. Hujiambia kwamba atakwenda nyumbani, ale kidogo, anywe kidogo, alale kidogo, kisha ndipo asome na kuswali. Usingizi ukamshika, akalala usiku kucha. Basi wakamwamrisha apitie kwanza nyumba ya ibada, asome na kuswali, kisha ndipo ale chakula chake.

Ni nani katika sisi asiyemjua mtu huyo? Sisi tunamjua, tumekwisha lala naye kitanda kimoja. Hakusema hata mara moja kwamba hataswali. Alisema "kidogo" mara tatu, na kidogo hizo tatu zikala usiku mzima.

Tena tazama ibada yao nyingine, ya kuhesabu siku. Tangu usiku wa pili wa Pasaka yao, kwa siku arubaini na tisa, Myahudi huhesabu kila usiku kwa ulimi wake: leo ni siku ya kwanza, leo ni siku ya pili, hata mwisho. Akisahau usiku huihesabu mchana wake bila ya kuisoma ile dua ya baraka. Na akisahau usiku na mchana wake wote, huendelea na hesabu katika masiku yaliyobakia, lakini dua ya baraka haisomi tena, kwani kuna kauli kwamba hesabu yote ni kamba moja na kamba imekatika. Hapa hapana malipo. Hawezi kusema leo kwamba "jana ilikuwa siku ya tisa" na ikahesabiwa. Hata hivyo hakuambiwa aache. Ameambiwa aendelee pamoja na upungufu wake, akijua kwamba upo. Twaona katika jambo hili adabu kubwa. Wako watu wakiharibikiwa na siku moja katika Ramadhani huona mwezi wote umekwisha haribika, wakaziachilia na siku zilizosalia. Bali wajibu wa kesho haukufutwa na kosa la jana.

Kadhalika imo katika Taurati, kitabu cha Hesabu, sura ya 9, habari ya watu waliokuwa na najisi ya maiti siku ya Pasaka, wasiweze kutoa dhabihu. Walimwendea Nabii Musa, alayhis-salaam, wakalalamika: kwa nini wazuiliwe wao wasitoe pamoja na wenzao? Ikateremka hukumu kwamba wao, na aliyekuwa safari ya mbali, wataifanya mwezi wa pili, siku ya kumi na nne. Ama aliye tahiri na hayumo safarini, kisha akajizuia, ametajiwa adhabu kali. Angalia jinsi mlango huu ulivyofunguliwa. Haukuombwa na wavivu. Uliombwa na watu walioumia kwa kukosa, waliokuja kwa miguu yao wakilia kwamba wamenyimwa. Amri ya kulipa ilizaliwa na machungu ya mwenye kupenda kuhudhuria.

Sasa turudi kwenye ugomvi wa baraza yetu. Mwenye kukusudia kuambiwa kwamba hana malipo, ni ukali au ni wepesi?

Twasema: ni wepesi kwa mwenye kuhesabu rakaa, na ni ukali kwa mwenye kumhesabu Mola wake. Aliyeacha kwa kusudi hakuambiwa kwamba amesamehewa. Ameambiwa kwamba alichokivunja hakina gundi. Mdeni aliyeambiwa na mwenye mali, "Sizitaki tena fedha zako," hawezi kujua kwa mara moja kama amesamehewa au amefukuzwa. Na mwenye akili ataogopa zaidi neno hilo kuliko kudaiwa. Kwani maadamu nadaiwa, jina langu lingali daftarini, na kuna siku nitaitwa. Wala hakufungiwa toba, hasha. Yosef Karo ataja kwamba akitaka na aswali sala ya hiari, kama zawadi. Lakini zawadi si malipo. Huja mkono mtupu, hana haki ya kusema "hii ni ile niliyodaiwa", husema tu "nimekuja."

Nasi je? Hapa yafaa tukumbushane, maana wengi wetu tumeshika neno moja tukaliacha la pili. Ama mwenye kulala au kusahau, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba ataswali pindi akumbukapo, na hana kafara nyingine ila hiyo. Na siku ya vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, makafiri waliwashughulisha Waislamu hata jua likachwa na Alasiri haijaswaliwa; Mtume akatawadha, akaiswali Alasiri baada ya jua kuchwa, kisha akaswali Magharibi. Sisi twatanguliza iliyopita pakiwa na nafasi, na wao hutanguliza ya wakati; kila umma na njia yake. Na mwanamke mwenye hedhi, kama alivyosimulia Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, huamrishwa kulipa saumu wala haamrishwi kulipa Sala. Basi nasi pia tunayo ibada isiyolipwa, na asiyeilipa hana dhambi. Kulipa au kutolipa si jambo la akili zetu, ni amri.

Ama mwenye kuacha kwa kusudi, wanavyuoni wetu wamehitalifiana. Ibn Hazm, aliyezaliwa Cordoba katika nchi ya Andalusi mwaka 994 wa miladi, amesema kwamba hana kadha: Mwenyezi Mungu ameiwekea Sala wakati wenye mwanzo na mwisho, na kama haisihi kabla ya mwanzo wake, haisihi baada ya mwisho wake, basi na atubie, azidishe mema na Sala za sunna, ili mizani yake iwe nzito. Ajabu ni kwamba Musa bin Maimun naye alizaliwa mji huo huo wa Cordoba, karne moja na kitu baadaye, kabla ya kuhamia Misri alikofia mwaka 1204. Hatusemi kwamba mmoja alichukua kwa mwenziwe, kwani Mayahudi walikuwa na kauli yao karne nyingi kabla ya Ibn Hazm. Twasema tu kwamba watu wawili wa mji mmoja na dini mbili, kila mmoja akifuata dalili zake, walifika mahali pamoja: aliyekusudia hana cha kulipa, ana cha kujutia na cha kujitolea.

Lakini jumhuri ya wanavyuoni wetu, na miongoni mwao madhhabi yetu ya Imamu Shafi, hawakuikubali kauli hiyo, na Imamu Nawawi ameijibu kwa nguvu. Wamesema: ikiwa aliyelala, asiye na dhambi, ameamrishwa kulipa, basi mwenye dhambi amestahiki zaidi kuamrishwa. Na hii ndiyo fatwa tunayoishikilia na kuwafundisha wana wetu. Hapo ndugu yetu mwenye duka atafurahi na kusema, "Si nilisema? Kadha ipo!"

Subiri, ndugu yetu, usome mstari unaofuata katika kitabu hicho hicho. Wanavyuoni wa madhhabi yetu wamepambanua baina ya watu wawili. Aliyekosa kwa udhuru, kama usingizi au kusahau, kadha yake ina nafasi; akiiharakisha ni bora, na akiichelewesha hana dhambi. Ama aliyekosa bila ya udhuru, kadha yake ni wajibu papo hapo, wala hana muhula. Tena wako waliosema kwamba haimfai kujishughulisha na Sala za sunna maadamu faradhi zile zingali shingoni mwake. Kwa hiyo mwenye kuiacha Adhuhuri kwa kusudi kisha akasema "usiku nitakidhi" ana dhambi mbili: ya kwanza ni kuiacha, na ya pili ni kila saa anayoichelewesha baada ya kuiacha. Yule aliyedhani amepewa nafuu ndiye hasa aliyenyimwa.

Basi tazama namna sheria mbili hizi zilivyoachana njia kisha zikakutana. Kwa Mayahudi, mwenye kusudi amenyimwa malipo. Kwetu, mwenye kusudi amenyimwa muhula. Na kwa wote wawili, aliyesahau na aliyezuiliwa ndiye aliyefanyiwa wepesi. Haipatikani katika vitabu vyao wala vyetu ruhusa ya kuiacha ibada leo kwa kutegemea kuilipa kesho. Kulipa ni daraja waliyojengewa walioangukia mtoni. Hakuna aliyeijenga ili watu waione kisha wajitose.

Huenda akatuuliza msomaji: basi na yule aliyepoteza miaka, tangu ujana wake, leo nywele zimemgeuka nyeupe na amezinduka, tumwambie nini? Wako watu kama hao katika kila mtaa, na baadhi yao huona haya hata kuuliza. Wengine huogopa hesabu, husema, "Ni maelfu, nitaanzia wapi?" Kisha kwa kuogopa wingi wake huacha hata hiyo moja iliyo mbele yao. Twamwambia: anza na Sala iliyokuadhinia sasa hivi, uiswali kwa wakati wake. Kisha kadiria zilizokupita mpaka uwe na yakini kwamba hakuna uliyoisaza, uzilipe moja baada ya moja, bila ya kuahirisha na bila ya kukata tamaa. Usingoje kujua idadi yake ndipo uanze. Na mauti yakikufika ungali njiani ukilipa, Mola wako anajua ulikuwa ukielekea wapi. Sisi hatuwezi kumdhaminia mtu kwa Mwenyezi Mungu, lakini twajua kwamba aliyefikwa na mauti akija si sawa na aliyefikwa nayo akisema "kesho".

Na ndugu yetu wa dukani hatukumwandikia maneno haya kwa kumfedhehesha. Ni mtu mwema, na neno lake ni neno letu sote. Siku ya pili ya darasa alikuja akatuambia kwamba amemwamrisha mwanawe ashushe ubao mmoja wa mlango wa duka kila ikiadhiniwa, wateja wajue. Tukamuuliza kama amepata hasara. Akacheka, akasema: "Wanangoja barazani. Kumbe walikuwa wakiweza kungoja siku zote."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale ambao, wakikosa, hukosa kwa kusahau, na wakikumbuka hawasemi "nitakidhi", bali huinuka. Wabillahi taufiki.